Kumsaidia Mtumishi Kuizoea Programu Mpya ya Ofisi
Mwaka 1989, Fred Davis alibainisha kuwa mtu huikubali teknolojia kwa kutazama mambo mawili: manufaa yake kazini na wepesi wa kuitumia; na kwamba manufaa yana uzito zaidi. Hata hivyo, mafunzo ya kazini aghalabu hushughulikia wepesi pekee. Karani wa masjala anayejua kila jalada lilipo hufundishwa kubofya vitufe, ilhali hofu yake ni kwamba mfumo mpya utaufanya ujuzi wake usiwe na thamani. Kwa hiyo, mafunzo hayana budi kuanzia kwenye majukumu yake ya kila siku. Aidha, ashirikishwe kuamua namna majalada yatakavyopangwa katika mfumo, ili ujuzi huo uwe msingi wake.