Mtaji wa Akina Mama: Fedha ya Halmashauri si Zawadi

Kata ya Themi mjini Arusha imechukua jina la mto uteremkao kutoka Mlima Meru. Ni kata ya wafanyakazi na viwanda. Upande wa Njiro viko viwanja vya Themi, ambavyo kila mwezi wa Agosti hujaa watu waliokuja kutazama maonyesho ya Nane Nane. Humo akina mama hupanga sabuni, batiki, asali, viungo vya chai na siagi ya karanga walizozitengeneza kwa mikono yao. Lakini maonyesho yakifungwa, si zote zifikazo kwenye rafu za madukani. Ujuzi upo na bidii ipo. Kipungukacho mara nyingi ni mtaji.

Kwa nini mama akose mtaji? Benki hutaka dhamana, na dhamana ijulikanayo zaidi ni hati ya nyumba au shamba. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini katika familia nyingi hati bado huandikwa jina la baba. Hivyo mama mwenye akili ya biashara huondoka benki mikono mitupu. Mwaka 2002 Dkt. Victoria Kisyombe alianzisha kampuni ya SELFINA ili kulikabili tatizo hilo. Badala ya kudai hati, kampuni ilimkodisha mama chombo cha kazi, kama cherehani, akakilipia kidogo kidogo mpaka kikawa chake. Chombo chenyewe ndicho dhamana. Mwaka 2009 ikafunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta.

Mlango ulio karibu zaidi na mama wa kawaida, hata hivyo, ni halmashauri yake. Tangu sheria ilipotiwa mkazo mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fikiri fedha hizo zinatoka wapi. Ni ushuru wa Soko Kuu na Kilombero, ni leseni za maduka, ni kodi na ada mbalimbali za mji. Mama auzaye mchicha sokoni amechangia mfuko huo kabla hajauomba. Basi asiende kwa kunyenyekea kama aombaye sadaka, wala asiende kama aliyeokota mali isiyo na mwenyewe.

Maana hapo ndipo tulipojikwaa. Ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ulionyesha kwamba mabilioni ya shilingi hayakurejeshwa, na kwamba baadhi ya vikundi vilivyoandikwa kupewa fedha havikuwapo kabisa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo ili kutengeneza utaratibu mpya. Ilirudishwa mwaka 2024, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kuitoa kwa kupitia benki. Kwa muda wote huo wa kungoja, kikundi cha kweli kilichohitaji mashine moja tu kilikaa bure kwa kosa la watu wasiojulikana hata sura. Tazama basi, msomaji, asiyelipa humnyang'anya nani. Fedha irejeshwayo ndiyo hupewa kikundi kinachofuata. Asiyerejesha amekula zamu ya jirani yake. Dawa ya deni ni kulipa.

Mama atakaye kuanza afanyeje? Kwanza, atafute wenzake anaowafahamu tabia. Wasikusanyike kwa sababu fedha imetangazwa. Wawe wanaweka akiba pamoja tangu mapema, kama ilivyo desturi ya VICOBA. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari la akiba ni shahidi mwema kuliko maneno. Pili, waandike katiba, wafungue akaunti ya kikundi, wamwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata ili kikundi kisajiliwe. Tatu, wafanye hesabu ya kweli. Tuseme kikundi cha watu 5 kimekopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12. Kila mwezi ni shilingi 500,000, yaani 100,000 kwa kila mmoja, hata mwezi ambao mvua imeharibu soko au mtoto ameugua. Kama biashara haiwezi kutoa kiasi hicho, heri wakope kidogo.

Fedha pekee pia haitoshi. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, hufundisha usindikaji na ufungaji wa bidhaa. Mjasiriamali mdogo mwenye barua yake hupewa nafuu anapotafuta alama ya ubora ya TBS. Kwa mashine, Arusha ina TEMDO na CAMARTEC, mashirika ya umma yabuniyo zana. Na kwa soko, sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sare za shule na sabuni ya hospitali zaweza kutoka kwa akina mama hawa, mradi kikundi kimesajiliwa na hesabu zake ni safi.

Nanyi akina baba mna sehemu yenu. Mkopo wa mama si karo wala kodi ya nyumba, na mtaji ukiliwa nyumbani deni hubaki kikundini. Mume mwema huuliza marejesho ya mwezi huu yamefika wapi kabla hajauliza faida iko wapi.

Azimio la Arusha, lililopitishwa katika mji huu Januari 1967, lilitukumbusha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu na juhudi yao. Mtegemea cha ndugu hufa maskini. Akina mama wa Themi hawahitaji kuhurumiwa. Wanahitaji mfuko ulio wazi, orodha ya vikundi ibandikwe mahali pa kusomwa na wote, na jirani alipaye kwa wakati. Waulize viongozi wa kata yako: safari hii wamepewa nani, na wamerejesha kiasi gani? Ni haki yako kujua.