KIFUNDO CHA SHINGO: EKOGRAFI INATUONYESHA NINI?

Gusa shingo yako kwa mbele, chini ya koromeo. Hapo ndipo inakaa tezi ya tiroidi, yenye umbo la kipepeo. Ikiota kifundo, mtu anawaza mara moja kama ni kansere. Hapana! Katika vifundo 100, zaidi ya 90 si kansere. Watu wa Idjwi na wa Uele wanajua rovu tangu zamani, kwa sababu chakula chao kilikosa iyodi.

Mashini ya ekografi ni ile ile tunayopimia mama wenye mimba. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga nyama, inarudi, na mashini inaigeuza kuwa picha. Haiumi, wala haitumii miali.

Munganga anatazama nini? Kifundo chenye maji tu, ao chenye vitundu vingi kama sifongo, karibu kila mara hakina ubaya. Kinachotusumbua ni kile kilichojaa nyama, cheusi kuliko tezi yenyewe, kingo zake hazinyooki, kimesimama kuliko kulala, na ndani mna vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi. Alama hizo zikikutana nyingi, mashaka yanaongezeka. Ukubwa peke yake haupimi ubaya: rovu kubwa kama embe linaweza kuwa salama, na kifundo kidogo kikawa kansere.

Lakini ekografi haisemi neno la mwisho. Kifundo chenye mashaka makubwa kikifika santimetri 1, munganga anaingiza sindano nyembamba na kuvuta chembe, zitazamwe kwa mikroskopi. Tena picha haionyeshi kama tezi inafanya kazi sawasawa. Hiyo tunapima katika damu.

Najua mama mmoja aliyeuza mbuzi zake zote akapasuliwa bila ekografi. Walitoa tezi nzima. Kifundo chenyewe, kumbe, kilikuwa maji tu! Sasa sherti ameze kidonge kila siku maisha yake yote, na kidonge kile hakipatikani kijijini.

Kama sauti yako imekauka siku nyingi, kifundo kinakua mbio, ao tezi za pembeni ya shingo zimevimba, usingoje, kuja upimwe. Ukiambiwa kifundo ni salama, chunga karatasi ya ekografi mahali pakavu na uilete siku ya kurudi, munganga apate kulinganisha vipimo.