Unyenyekevu wa Kristo huanza kwa aliye juu

KILA mwaka ifikapo Jumapili ya Matawi, waamini wa Kanisa Katoliki duniani kote husomewa, kabla ya simulizi ya Mateso, aya chache kutoka sura ya pili ya Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Wengi huzisikia wakiwa bado wameshika matawi mikononi, na mawazo yao yamekwisha kutangulia kwenye simulizi ndefu inayofuata. Ni hasara, kwa kuwa katika aya hizo fundisho zima la Kikristo juu ya unyenyekevu limewekwa kwa ufupi usio na kifani.

Wataalamu wengi wa Maandiko, hasa tangu utafiti wa Mjerumani Ernst Lohmeyer wa mwaka 1928, huziona aya hizo kuwa ni utenzi wa Wakristo wa kwanza, ambao Paulo aliuingiza katika waraka wake. Utenzi huo unasimulia habari ya kushuka. Kristo, ambaye hali yake ilikuwa ya Mungu, hakuing'ang'ania enzi hiyo. Alijimimina, akashika nafasi ya mtumwa, akatii mpaka kufa, tena kufa msalabani, na kwa sababu hiyo Mungu akamkweza kupita wote. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, wakimwonya anayekwea kwa majivuno. Hapa mambo ni kinyume: anayeshuka hakulazimishwa na mtu, wala ngazi haikumvunjikia.

Mpenzi msomaji, uzito wa maneno hayo huonekana vema zaidi ukiufahamu mji wa Filipi. Ulikuwa Makedonia, kaskazini mwa nchi iitwayo leo Ugiriki. Mwaka 42 kabla ya Kristo, majeshi ya Antonius na Octavianus yaliwashinda Brutus na Cassius karibu na hapo. Askari waliostaafu wakagawiwa mashamba, na mji ukafanywa koloni la Roma. Wakazi wake walijivunia Urumi wao kupita kiasi. Magofu ya mji huo yana maandishi mengi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mawe, na mengi ya hayo ni orodha ya vyeo: fulani aliwahi kuwa nani, akapanda kuwa nani, akatunukiwa nini.

Katika mji wa namna hiyo, unyenyekevu haukuhesabiwa kuwa sifa njema. Neno la Kigiriki analolitumia Paulo lilikuwa na harufu ya uduni na utumwa. Na msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakusulubiwa. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, alipata kudai kwamba hata neno msalaba halifai kufika masikioni mwa raia wa Roma. Sasa watu hawa waliozoea kusoma vyeo vikipanda kwenye mawe wanasomewa orodha ya Bwana wao, nayo yateremka ngazi moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo wahubiri wengi wa siku hizi hupotoka, kwa maoni ya mwandishi huyu. Unyenyekevu umegeuzwa kuwa somo la wadogo. Huhubiriwa mke apigwaye na mumewe, mfanyakazi wa nyumbani asiyelipwa mshahara wake, muumini anayeuliza fedha za sadaka zimetumikaje. Lakini tazama anwani ya waraka huo. Paulo anawasalimu watakatifu wote wa Filipi, kisha anawataja waziwazi maaskofu na mashemasi, jambo asilolifanya katika salamu za nyaraka zake kwa makanisa mengine. Mfano anaowapa ni wa yule aliyekuwa na enzi, akaiweka chini kwa hiari yake. Asiye na kitu cha kuweka chini hawezi kuagizwa akiweke. Na anayemwamuru mwenzake ajishushe, huku yeye akibaki kitini, hajauelewa utenzi huo.

Aidha, fundisho hilo halikuelea hewani. Katika kanisa hilo palikuwa na wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliokuwa wamefanya kazi ya Injili pamoja na Paulo, nao walikuwa wametofautiana. Paulo hasemi nani alikuwa na haki. Anamsihi kila mmoja kwa jina lake, kwa neno lile lile, kisha anamwomba mwenzao awasaidie. Mtu aliyewahi kukaa katika kikao cha kusuluhisha kwaya atajua kwamba busara hiyo si ndogo.

Kuhusu uaminifu, waraka unatoa mfano wa mtu badala ya maelezo marefu. Wafilipi walikuwa wamemtuma Epafrodito kumpelekea Paulo msaada gerezani. Huko akaugua hata akakaribia kufa, na lililomsumbua zaidi ni kwamba watu wa nyumbani walikuwa wamepata habari za ugonjwa wake. Paulo anamrudisha kwao na kuwaagiza wampokee kwa heshima, kwa kuwa aliihatarisha roho yake kwa ajili ya kazi ya Kristo. Huyo hakuhubiri mahali popote panapotajwa. Alibeba mzigo akaufikisha.

Nalo tumaini? Paulo aliandika akiwa katika minyororo. Mapokeo ya kale husema ni Roma, ingawa wataalamu wengine hupendekeza Efeso au Kaisaria. Hakujua kwa hakika kama ataishi au atauawa, na anakiri kwamba anavutwa huku na huku. Hata hivyo, katika sura 4 tu anataja furaha zaidi ya mara 10. Kwa watu waliojivunia uraia wa Roma anasema uraia wao uko mbinguni, na kwamba wanamngojea kutoka huko Mwokozi, jina ambalo watawala wa Roma nao walipewa. Tumaini hilo halikutegemea hukumu ya mahakama, bali Mungu yule aliyemkweza Mtumwa aliyesulubiwa.

Salamu za mwisho za waraka huo hupitwa haraka na wasomaji wengi. Paulo anawaambia Wafilipi kwamba wanasalimiwa na watakatifu wote, hasa wale wa nyumba ya Kaisari. Hao yaelekea walikuwa watumwa na watu walioachwa huru waliohudumu katika utawala wa mfalme: wapishi, makarani, watunza hazina. Walikuwa wakimwita mtu mwingine Bwana, ndani ya nyumba ile ile.