Ua la Usambara na Majina Yake

Katika misitu ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani na Bulwa, huota mmea mdogo wenye majani manene yaliyojaa vinyweleo laini, na maua ya rangi ya urujuani. Hushika juu ya mawe, penye kivuli na unyevu. Mmea huo sasa hupamba madirisha ya Ulaya, Marekani na Asia, na ni miongoni mwa maua ya ndani yajulikanayo zaidi duniani. Yafaa kuchunguzwa ulifikaje huko, na ulifuatana na jina gani.

Waliouokota mapema ni Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, mwaka 1884, na mmisionari W. E. Taylor, mjuzi wa mashairi ya Mombasa, mwaka 1887; lakini mimea yao iliyokaushwa haikutosha kupewa jina. Kisha Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, ambaye mwaka 1890 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea huo. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuita Saintpaulia ionantha: neno la kwanza ni heshima ya baba na mwana, la pili ni la Kiyunani, yaani wenye ua mfano wa urujuani.

Ulienea kwa sababu mbili. Kwa kuwa umezoea kivuli cha msitu, huridhika na mwanga hafifu wa chumbani. Tena jani moja likichomekwa udongoni huota mizizi na kuwa mmea mwingine, hata jirani akampa jirani. Tangu mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles walichagua miche bora, na aina mpya zikazidi.

Wajerumani katika jina lao walihifadhi neno Usambara, ambalo lenyewe ni matamshi ya wageni ya Shambaai, kama Wasambaa waitavyo nchi yao. Waingereza waliuita urujuani wa Afrika, na jina hilo ndilo lililoenea. Mlima ukapotea ndani ya bara zima. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza mmea huo katika jenasi ya Streptocarpus, na jina la Saintpaulia nalo likapoteza cheo chake.

Hasara si ya jina peke yake. Miti ikatwapo, kivuli huondoka na mmea wa mwituni hukauka. Baadhi ya aina zake huota mahali pachache tu, na zimo hatarini. Wafundishao watoto wa Bulwa, Lushoto na Tanga wana sababu ya kuliita ua la Usambara, ili mtoto akiliona pichani, limetiwa chunguni katika nchi ya mbali, ajue kwamba asili yake i juu ya mawe ya milima yao.