Kabla ya kuuza parsele ili mtoto awe baharia



Makontena mengi tunayoyaona Butembo yalishukia Mombasa, yakapanda malori mpaka Kasindi. Dereva tunamjua, mtu wa duane tunamjua zaidi. Mtu aliyelifunga kontena juu ya meli lisianguke baharini, huyo hatumjui. Siku hizi vijana wetu wanataka kuwa yeye, juu mashimo yamechoka na barabara za kwenda machimboni hazina usalama.

Mwenzetu mmoja hakuuliza mtu. Aliuza parsele yake Beni, akampa komisionere dola 1800 za "nafasi ya meli". Kijana alifika Mombasa, akalala majuma matatu katika nyumba ya wageni, simu ya komisionere haikuita tena. Akarudi na begi lake. Ndiyo sababu tumeandika.

Sheria ya dunia juu ya masomo ya mabaharia ni mkataba unaoitwa STCW, wa mwaka 1978. Kijana anapimwa kwanza na daktari, hasa macho. Kisha anasoma masomo ya usalama: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, namna ya kuishi na kazi bila kuumizana, na ulinzi wa meli. Shule za karibu ni DMI ya Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Lakini shule haitoi meli. Ili apewe cheti cha kushika zamu, akiwa na miaka 16 au zaidi, kwa kawaida anahitaji miezi 6 ya baharini iliyoandikwa katika kitabu chake. Ili awe baharia stadi wa sitaha, lazima awe na miaka 18, na miezi 18 mingine ya zamu, ao 12 kama amesomea. Hapo ndipo wengi wanakwama: cheti kiko mfukoni, meli haipo. Na wale wa Kyavinyonge waliozaliwa juu ya pirogi wasidanganywe: miaka ya ziwani isiyoandikwa popote haihesabiwi.

Kazi yenyewe sisi watu wa shimo tungeielewa haraka. Ni kamba: kuifunga, kuiunga, kujua pa kusimama. Kamba nene ya kufungia meli ikikatika inarudi kama fimbo na kuua mtu, kwa hiyo baharia anafundishwa asisimame katika njia yake. Ni usukani pia, na kukodoa macho usiku.

Lakini kilichotugusa zaidi ni hewa. Katika meli, hakuna anayeingia ndani ya tangi lililofungwa kabla hewa haijapimwa. Mwenzako akianguka mle, hurukii kumfuata. Unapiga kengele, unangojea vifaa. Tangu 2015, wanaohusika na kazi hiyo wanafanya mazoezi yake angalau mara moja kila miezi miwili. Kwetu je? Wa kwanza anazimia, wa pili anashuka kumvuta, wa tatu anamfuata wa pili. Tumezika ndugu hivyo. PDG yeyote anayesoma hapa, tutakuja kumuuliza kipimo chake cha hewa kiko wapi.

Turudi kwa feza. Mkataba wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya na Tanzania wameukubali, unakataza wakala kumtoza baharia ili ampatie kazi. Baharia analipia karatasi ya daktari, kitabu chake cha baharia na pasiporo, basi. Karo ya shule ni jambo lingine, inalipwa shuleni na unapewa risiti. Mshahara wa msingi wa baharia stadi, kima cha chini kilichopatanwa katika shirika la kazi la dunia, ILO, ulikuwa dola 673 kwa mwezi katika mwaka 2025. Anayekuahidi elfu tatu kwa kijana asiye na kitabu, mwambie akuonyeshe mkataba, halafu mlete sendika tuusome pamoja mbele hujatoa hata franga moja.

Kijana wa Beni yuko shimoni tena, anavuta kamba. Jioni anajifunza Kiingereza, juu amri za meli hazitolewi kwa Kifaransa chetu.