Mvua ya Idi Uwanjani Makadara

Mwambie mtoto wa Mombasa kuwa Idi imefika, naye hatakuuliza habari ya pilau. Atakuuliza, "Twenda Makadara saa ngapi?" Uwanja huo, ambao siku nyingine watu huupita tu wakienda zao, siku za Idi hugeuka mji mdogo wa pembea, farasi wa kuzunguka, viazi karai, mabuyu na achari za maembe.

Huko ndiko nilikoelekea Idi pili, mwezi wa Aprili 2023, nimemshika mkono mpwa wangu wa miaka saba. Alikuwa na gauni jipya la waridi, na mkono wa Idi aliopewa na jamaa ameufunga kwenye kitambaa. Hatukuwahi hata kufika penye pembea, mvua ikashuka.

Msomaji, hakuna mahali panaponyamaza kama uwanja wa pembea unaponyeshewa. Muziki ulizimwa. Farasi walisimama wakitiririka maji. Sisi tulibanana chini ya turubali la muuza viazi, mabuibui, kanzu na viatu vipya, kila mmoja akiiangalia mbingu kama mwenye deni naye.

Na mvua ile haikuwa ya kustaajabisha. Mwaka wetu wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hivyo kila mwaka Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 hivi katika kalenda ya jua. Humaliza mzunguko wake kwa muda wa miaka 33 hivi. Idi-ul-Fitri ya mwaka 1990 iliangukia mwisho wa Aprili, katikati ya masika; ya mwaka 2023 ikarudi Aprili. Baba zetu walitushika mikono chini ya mvua ile ile.

Karibu nasi aliketi mzee mwenye pembea kubwa. Pembea yake haina mashine: ni gurudumu la chuma lenye masanduku manane ya kukalia watoto, na vijana wawili hulizungusha kwa nguvu za mikono. Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, bwana mmoja alimwendea na watoto wake watano.

"Mzee wangu, wazungushe japo mara tatu. Nitakulipa maradufu."

"Pesa nazitaka, bwana," mzee akajibu. "Jana pia ilinyesha, nikapata za chakula cha vijana hawa tu. Lakini tazama pale."

Akaonyesha mguu mmoja wa pembea. Udongo ulikuwa umelainika, na mguu umezama kiasi cha vidole viwili. Akaeleza kuwa gurudumu likisimama wima, uzito hugawanyika sawa. Likiinama, upande mmoja hubeba mzigo mkubwa kuliko mwingine. Na vijana nao, mikono ikirowa, huteleza kwenye chuma, wakashindwa kulizuia.

"Pesa za Idi hii zikinipita, Inshallah Idi nyingine itakuja," akasema. "Mtoto wa mtu akianguka, nitamrudishia mamake nini?"

Bwana yule alinuna, akaondoka na watoto wake. Mzee aliwafuata kwa macho mpaka langoni. Usidhani ilikuwa rahisi kwake: siku za Idi ni chache, na ndizo anazozitegemea.

Mpwa wangu naye alikuwa akila subira yake kwa viazi. Kila sahani ilipunguza fedha ndani ya kitambaa, hata nikaogopa kuwa pembea itaanza na kitambaa ni kitupu.

Baada ya swala ya Alasiri jua likatoka. Vijana waliingiza mbao chini ya miguu, mzee akapima kwa timazi, masanduku yakapanguswa. Gurudumu lilizungushwa tupu, kisha na vijana wenyewe ndani, na ndipo watoto wakaitwa. Mpwa wangu alikalia ubao ulio majimaji, gauni likarowa, wala hakujali. Alipofika juu kabisa alipiga kelele, "Mjomba! Nakuona mdogo!"

Tangu mwaka 2025 Idi-ul-Fitri imetoka Aprili na kuingia Machi, mwezi wenye mvua chache kuliko Aprili. Lakini Idi ya Haji nayo inarudi nyuma kutoka Juni kuingia Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Basi mzee yule na wenzake bado watakaa chini ya turubali, na wazazi bado watawasihi.

Mzazi mwenzangu, ukimkuta mwenye pembea anakataa pesa zako kwa sababu ya mvua, usimnunie. Mshukuru, umnunulie mtoto viazi, ungoje. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Lililo muhimu ni ashuke salama.