Faji Bandani: Kuipata Rahisi, Kuijua Kazi

Kuku wa kienyeji wa Singida wana soko hadi Dar es Salaam, lakini mfugaji wa Ikungi au Iramba anayajua magonjwa yanayofuta banda zima. Mojawapo ni homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na bakteria wa jamii ya Salmonella. Wengi hukimbilia antibiotiki bila vipimo, na bakteria wanazidi kuwa sugu.

Adui wa bakteria hao huishi palepale kuku wanapoparua: virusi viitwavyo bakteriofaji, kwa kifupi faji. Faji humwingia bakteria, huzaliana ndani yake, kisha humpasua. Seli za kuku au za mtu haiziwezi. Félix d'Herelle, aliyeipa jina mwaka 1917, aliijaribu mapema kwa ugonjwa huuhuu: mwaka 1919 alitoa faji kwenye kinyesi cha kuku, akaitumia dhidi ya mlipuko wa homa ya matumbo ya kuku vijijini Ufaransa.

Ili kuipata faji, chimbua udongo wenye unyevu kando ya banda, kivulini, maana jua la kiangazi cha Singida haliviachi salama virusi vilivyo juu ya ardhi. Maabara italoweka gramu chache kwenye maji ya chumvi, itatikisa, itaacha tope lituame, kisha itapitisha maji yake kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.22. Bakteria hukwama, faji hupita. Maji hayo huchanganywa na Salmonella hai ndani ya jeli laini ya aga, humiminwa kwenye sahani ya petri na kuachwa kwenye nyuzijoto 37 hadi kesho yake. Bakteria hutanda sahani nzima, isipokuwa penye vijidoa vitupu: kila kimoja kimetokana na faji moja. Mtaalamu hudokoa kimoja, hukiotesha upya, hurudia mpaka abaki na ukoo mmoja tu. (Usijaribu jikoni, Salmonella wengine huuguza watu.)

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kazi inapoanza. Zipo faji zinazoua moja kwa moja, na zipo zinazojipachika kwenye vinasaba vya bakteria na kutulia humo. Hizi zinaweza hata kumwongezea sumu. Doa lililofifia katikati hutia shaka, ila jibu hutolewa na usomaji wa vinasaba. Hadubini ya elektroni huonyesha kichwa na mkia, na hilo peke yake halitoshi.

Mfano ni wa mwaka 2018: jijini London, binti wa miaka 15 aliyeshambuliwa na bakteria sugu baada ya kupandikizwa mapafu alipewa faji tatu. Moja, Muddy, ilipatikana mwaka 2010 kwenye bilinganya lililooza huko Durban, nayo ilifaa kama ilivyo. Mbili zilibidi kwanza ziondolewe jeni inayozifanya zitulie. Binti alipata nafuu kubwa.

Faji pia huchagua. Iliyonaswa kwa Salmonella wa Ufaransa huenda isimguse wa Mkalama, kwa hiyo anayetafuta faji ya Singida anamhitaji kwanza bakteria wa Singida. Mfugaji, kuku wakianza kufa, usinunue antibiotiki kwa kubahatisha wala usiwanyweshe wazima maji ya udongo. Mwite daktari wa mifugo achukue sampuli.